Matangazo ya nepi yananifuata kila ukurasa: je, kizuia matangazo kitanisaidia?

Swali, kutoka kwa mama muuza vitenge, Busia:

Binti yangu ana mimba changa na hatujamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita nilikaa jioni nikatafuta kwenye simu bei za nepi na vitanda vya watoto, nilinganishe za Kampala na za ng'ambo ya mpaka. Tangu siku hiyo kila ukurasa ninaofungua una nepi. Juzi nilikuwa namwonyesha mteja picha za vitenge kwenye tovuti ya muuzaji wa jumla, tangazo la kitanda cha mtoto likajaa kioo kizima. Mteja akacheka: "Mama, tukupongeze?" Kijana wangu wa dukani anasema niweke kizuia matangazo. Mume wangu anasema hali fiche inatosha. VPN ninayo tayari, ya kuingilia Facebook. Kipi kinafanya kazi? Na hicho kizuizi chenyewe si mwizi? Mobile money yangu iko kwenye simu hiihii. Simu ni Tecno, natumia Chrome. Nyumbani kuna laptopu ya mtumba.

Jibu:

Mama, kijana wako amesema kweli. Mzee nyumbani amekosea kidogo, na hiyo VPN ni dawa ya ugonjwa mwingine. Lakini kabla ya kuweka chochote, ni vizuri ujue nani aliyetoa siri yako, kwa sababu ukimjua huyo utaelewa kwa nini kizuizi kinafanya kazi na kinaishia wapi.

Aliyeitoa ni simu yako mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ulipofungua tovuti ya duka la vitanda, ulidhani simu inaongea na duka tu. Ukurasa hauji mzima kama gazeti lililokunjwa. Unakuja na maagizo: picha hii kaichukue huku, mwandiko huu kauchukue kule, na kipande hiki cha programu kakichukue kwa kampuni fulani ya matangazo. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome yako, ni mtumishi mtiifu, kinatumwa kinakwenda. Kinapiga hodi kwa kampuni hiyo ambayo wewe hujawahi kuisikia, na katika kupiga hodi kinaacha anwani yako ya IP (namba ya mahali unapopatikana mtandaoni), aina ya kivinjari na simu, na mara nyingi tovuti uliyokuwa unaitazama. Ni sawa na kumtuma kijana akanunue mkate, naye njiani akapita kwa majirani ishirini akiwaambia, "Mama leo ameuliza bei ya nepi."

Kampuni ikishapigiwa hodi, inakikabidhi kivinjari kuki. Kuki ni namba tu, imehifadhiwa kwenye simu yako. Zilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, aliyekuwa kampuni ya Netscape, kwa kazi ya heshima kabisa: tovuti ikukumbuke, uweke bidhaa kwenye kikapu bila kikapu kusahau kilichomo. Tatizo lilikuja pale kampuni ya tatu, isiyo duka wala mteja, ilipoanza kugawa namba zake kwenye maelfu ya tovuti kwa wakati mmoja. Muuzaji wako wa vitenge ana kipande cha kampuni ileile iliyokuwa kwenye duka la vitanda. Kivinjari kinapiga hodi tena, kinaonyesha namba yake, na kule wanasema: kumbe ni yule wa nepi. Hakuna aliyekusikiliza kwa maikrofoni, ingawa najua hapo sokoni wengi wanaamini hivyo.

Kizuia matangazo anachokisema kijana wako, mimi nakiita kizuizi, ni kiendelezi, yaani programu ndogo inayoishi ndani ya kivinjari na kushika orodha ndefu ya anwani za wafuatiliaji hao. Ukurasa ukiagiza "kamchukulie fulani", kizuizi kinaangalia orodha, kikimkuta fulani humo, hodi haipigwi. Watu wengi hawalielewi jambo hili. Wanadhani kizuizi kinafunika tangazo kwa kitambaa. Tangazo kukosekana ni matokeo tu. Kazi yenyewe imefanyika kabla, pale ambapo simu imezuiwa kutuma ujumbe. Kisichotumwa hakisomwi na mtu, wala hakili bando lako. Kwa Uganda yetu hii ambayo kila MB tunayonunua imebeba kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, sababu hiyo ya pili peke yake ingenitosha mimi.

Jana, nikijiandaa kukujibu, nilifungua ukurasa mmoja wa habari kwenye simu yangu nikiwa na uBlock Origin, kizuizi ninachokitumia mimi. Habari yenyewe ilikuwa aya sita na picha moja. Nikafungua kidirisha cha kizuizi: hodi 17 zimezuiwa. Nikashuka chini kusoma, nikarudi kuangalia: 31. Nikaacha simu mezani nikanywa chai. Niliporudi ilikuwa 44, na mimi sijagusa kitu. Ukurasa ulikuwa unaendelea kujaribu kuita watu, mmoja baada ya mwingine, nami sipo.

Sasa tuje kwa mume wako. Hali fiche, ile Incognito ya Chrome, inasahau mambo upande wako: ukifunga dirisha, historia na kuki za kikao kile zinafutwa. Ni nzuri kama unataka mtu mwingine anayeshika simu yako asione ulichotafuta. Lakini wakati dirisha liko wazi, hodi zinapigwa kama kawaida. Watumiaji wa Chrome huko Marekani waliishtaki Google mwaka 2020 kwa jambo hilihili, kwamba waliendelea kufuatiliwa wakiwa hali fiche. Mwishoni mwa 2023 pande mbili zilipatana, na mwaka 2024 Google ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi. Kwa hiyo mwambie mzee taratibu, kwa heshima, kwamba hali fiche ni pazia la chumba cha ndani. Haimzuii aliyeko barabarani.

VPN je? Najua kwa nini unayo. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021 na nusu ya soko lako liko Facebook. VPN inaficha kwa kampuni ya simu mahali unapokwenda, na inaificha tovuti anwani yako halisi ya IP. Kuki haiigusi. Kampuni ya matangazo inakutambua kwa namba iliyokupa, hata ukionekana unatokea Uholanzi. Tena VPN ikiwaka, alama za ufuatiliaji za Facebook zilizopandwa kwenye tovuti za watu nazo zinapata njia. Na kuna hili: mwenye VPN ndiye anayeona sasa kile ambacho kampuni ya simu ilikuwa inaona. Kama ni ya bure, jiulize anakula wapi. Facebook wenyewe walikuwa na VPN ya bure iliyoitwa Onavo Protect, ikijitangaza kuwa inawalinda watu, huku ikikusanya habari za programu wanazotumia. Waliifunga mwaka 2019. Sikuambii uifute yako, biashara ni biashara. Iwashe unapoingia Facebook, ukimaliza izime.

Haya, tuweke kizuizi. Kwenye simu yako Chrome haitakusaidia, kwa sababu Chrome ya Android haipokei viendelezi. Pakua Firefox kutoka Play Store. Ifungue, gusa nukta tatu, utaona neno Extensions. Humo utaikuta uBlock Origin. Gusa alama ya kujumlisha, kubali, basi. Usiitafute Play Store, maana si programu ya kujitegemea, inaishi ndani ya Firefox. Na jina ni maneno mawili. Kuna kitu kingine kinachoitwa uBlock tupu, ambacho kiliachana na hiki zamani na kikaishia mikononi mwa wengine. Sisi tunataka chenye Origin mwishoni.

Usibadilishe mipangilio yoyote. Orodha zinazokuja nazo, EasyList ya matangazo, EasyPrivacy ya wafuatiliaji na nyingine chache, zinatosha kwa asilimia kubwa ya watu, na zinajisasisha zenyewe. Vijana wanaokuja kwenye karakana yangu hupenda kuweka vizuizi viwili vitatu pamoja wakidhani ulinzi unaongezeka. Havijumlishwi hivyo. Vinagombana, kurasa zinavunjika, simu inachoka. Kimoja kizuri, imetosha.

Ukiona Firefox ni nzito kwa simu yako, kivinjari kingine, Brave, kina kizuizi chake tayari ndani, hakuna cha kuongeza. Mimi nachagua Firefox na uBlock Origin kwa sababu ndiko inakofanya kazi kwa ukamilifu. Kwa mfano, kuna wafuatiliaji waliokwisha jua kwamba majina yao yamo kwenye orodha, wakawa wanavaa kanzu ya tovuti yenyewe: anwani inaonekana ni ya duka, kumbe ukiifuata nyuma inaelekea kwao. Kwenye Firefox uBlock Origin inaweza kuvua hiyo kanzu. Kwenye vivinjari vya ukoo wa Chrome haiwezi.

Na hapo niseme kuhusu laptopu. Kama humo pia mnatumia Chrome, mjue kwamba Google ilibadilisha kanuni za viendelezi, ikaanza mwaka 2024 kuvizima vya mtindo wa zamani, na kufikia 2025 uBlock Origin kamili ikawa haitumiki tena huko. Iliyobaki ni uBlock Origin Lite, ndogo yake. Si mbaya, lakini ni ndogo kweli. Wekeni Firefox na huko pia. Kisha fungua mipangilio ya uBlock Origin, kuna kisanduku cha kuzuia picha na video zinazozidi ukubwa fulani, kimeandikwa 50 KB. Kiweke alama. Ukurasa utafunguka na maandishi, mahali pa picha kubwa pakiwa na nafasi tupu. Unayoitaka unaigusa, inakuja. Nilipoanza kufungua intaneti ya laptopu kwa data ya simu nilikuwa nalia na bando kila jioni. Kisanduku hicho kimoja ndicho kilichonituliza, na ni watu wachache sana wanaokijua.

Umeuliza kama kizuizi si mwizi. Ni swali zuri kuliko yote, na wengi hawaliulizi. Ukikiweka, Firefox itakuonya kwamba kiendelezi kinaomba ruhusa ya kufikia data yako kwenye tovuti zote. Maneno hayo yanatisha, na ni kweli: mlinzi wa geti lazima amwone kila anayepita. Ndiyo maana lazima umjue mlinzi. Mwaka 2020 kulikuwa na kizuizi kilichopendwa, Nano Adblocker. Mwenyewe akachoka, akakiuza. Haukupita muda, toleo jipya likaja likiwa linapeleka habari za watumiaji nje, na watu wakakuta akaunti zao za Instagram zimependa picha ambazo wao hawajawahi kuziona. Jina lilelile, alama ileile, mwenye nyumba mwingine.

uBlock Origin iliandikwa na Raymond Hill, ikatoka mwaka 2014. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, na wanaojua wanausoma. Haiuzi nafasi kwa watangazaji. Hill hapokei hata mchango wa pesa. Linganisha na Adblock Plus, ambayo tangu 2011 ina mpango wa kuruhusu matangazo inayoyaita ya kukubalika, na kampuni kubwa hulipa kuwemo. Hawafichi, wameandika wazi, ila mimi mlinzi anayelipwa na ninaowakwepa simwajiri.

Kuhusu mobile money: ruhusa ile ni ya ndani ya Firefox peke yake. Kiendelezi hakioni programu nyingine kwenye simu, hakioni SMS, na ukipiga *165# au *185# kivinjari hakihusiki hata kidogo. Kama una wasiwasi na tovuti ya benki, usiifungulie Firefox. Tumia programu ya benki au Chrome.

Itatokea siku ukurasa ukakataa. Kitufe cha kulipia hakibonyezeki, au fomu ya kodi inazunguka tu haifiki. Usifute kila kitu kwa hasira. Gusa nukta tatu, ingia kwenye viendelezi, gusa uBlock Origin, utaona alama kubwa ya kuwashia na kuzimia kama ya televisheni. Ukiigusa, kizuizi kinazimika kwa tovuti hiyo peke yake, kwingine kinaendelea. Fungua ukurasa upya. Mimi nimezima kwenye magazeti mawili matatu ya hapa nyumbani kwa hiari yangu, kwa sababu waandishi nao wana watoto wa shule na matangazo ndiyo yanayowalipa. Hilo ni lako kuamua.

Sasa mambo ambayo kizuizi hakitayagusa. La kwanza ni akaunti. Ukitafuta "kitanda cha mtoto" kwenye Google ukiwa umeingia kwa barua pepe yako, hakuna hodi ya siri ya kuzuia. Umemwambia mwenyewe, mdomoni. La pili ni programu. Michezo, redio, kikokotoo cha mikopo, vyote hivyo viko nje ya kivinjari na vina njia zao. Android huzipa programu namba moja ya pamoja ya kukutambulisha kwa watangazaji. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya faragha, kisha matangazo, na uifute namba hiyo. Ni dakika moja.

Pia simu za kuanzia Android 9 zina mpangilio wa DNS ya faragha, kwenye sehemu ya mtandao. DNS ni kama karani wa simu anayebadilisha jina la tovuti kuwa namba. Ukiandika pale dns.adguard-dns.com, karani wako atakuwa mmoja anayekataa kutafuta majina ya watangazaji, na atafanya hivyo kwa programu zote. Ni nyundo butu: inazuia jina zima au inaachia jina zima, haina ustadi wa uBlock Origin, na maana yake AdGuard ndio watakaopokea maulizo yako ya majina badala ya kampuni ya simu. Mama mmoja niliyemwekea alinirudia kesho yake akilalamika kwamba Wi-Fi ya hoteli imegoma. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa hauwezi kufunguka. Tuliizima, akaingia, tukaiwasha. Jaribu uone kama inakufaa. Kama inakusumbua, iondoe. Kizuizi cha Firefox ndicho cha lazima.

Kuna pia kutambuliwa bila kuki, kwa kuangalia ukubwa wa kioo, lugha, saa, aina za mwandiko, mpaka mchanganyiko huo uwe kama alama ya kidole. Kizuizi kinapunguza kwa kuwanyima wengi wao nafasi ya kuangalia, hakimalizi. Kwa shida yako ya nepi, usipoteze usingizi hapo.

Sheria tunayo: ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na ofisi ya kuisimamia, ambayo Julai 2025 iliitaka Google ijisajili nayo kama sheria inavyodai. Ni hatua. Ila mteja wako hatasubiri ofisi ndipo acheke.

Kwa hiyo leo jioni, ukishaweka Firefox, fanya mawili upande wa yale ya zamani. Kwenye Chrome, futa kuki zote. Utalazimika kuingia upya kwenye akaunti zako, kwa hiyo hakikisha unakumbuka nywila kwanza. Halafu ingia kwenye akaunti yako ya Google, tafuta My Ad Center. Humo kuna orodha ya mada nyeti unazoweza kuomba usionyeshwe sana: pombe, kamari, na mimba na malezi imo. Inaonekana siri ya binti yako si ya kwanza kutolewa hivi, mpaka wakaiwekea kitufe.

Na picha za vitenge, mama, zipakue ziwe kwenye galari, kwenye folda yake peke yake, uache kuwafungulia wateja tovuti. Ni haraka zaidi, hazili bando, na tangazo haliingii humo. Ila ushike simu wewe. Mteja akiteleza kidole kidogo tu atafika kwenye picha ya skani.